Pindo la Vidole Vinne

Kolkerdam, 3 Februari 1989

Hille mdogo wangu,

Kaa chini kwanza, na kama una kikombe mkononi kiweke mezani. Dadako ameingia sinemani. Ndiyo, mimi, Klaasje, mwenye miaka sabini na minne na benchi langu la tatu kanisani. Si mjini, usinicheke. Wameileta hapahapa, kwenye ukumbi wa zamani wa mnada wa samaki, wakatundika shuka kubwa jeupe na kupanga viti mia mbili. Ni ile filamu waliyokuja kuipiga kijijini kiangazi cha mwaka juzi. Inaitwa *Mjane Bila Ndoa*. Mchungaji alisema anayetaka aende na dhamiri yake. Basi dhamiri nikaivalisha koti, nikaenda nayo.

Hadithi yenyewe ni ya zamani za mababu. Msichana wa kanisa letu anampenda nahodha wa mashua ya mizigo, na nahodha ni Mkatoliki. Baba mtu hataki hata kulisikia jina lake. Kijana anazama ziwani, na msichana hana haki ya kumlilia, maana mbele za watu yeye si lolote kwake. Siku ya mazishi anaingia kanisa la Wakatoliki, koti limefungwa hadi kooni, anasimama katikati, anafungua vifungo kimoja kimoja. Ndani amevaa kitambaa cha mabega cha mjane. Hille, ukumbi mzima ulilia! Shemasi Roelof alilia, yule aliyezika wake wawili bila hata kupenga kamasi. Jirani yangu Trijn alinibana mkono hadi pete ikaniacha alama.

Sasa hatupumui. Kila Jumamosi mabasi yanakuja kutoka Amsterdam na Utrecht, mengine hata Ujerumani. Wasichana wamejishonea vitambaa vyeusi, wanavivaa juu ya suruali za jinzi na kupigana picha wakifungua makoti mbele ya kanisa letu, ambalo kwenye filamu halimo kabisa. Mwoka mikate ametengeneza biskuti nyeusi yenye ukingo wa buluu, inaisha kabla ya saa nne asubuhi. Juzi binti mmoja alinisimamisha barabarani. "Mama, mbona pindo la kile kitambaa ni pana hivyo? Ni urembo?"

"Urembo gani, mwanangu!" nikamwambia. "Pindo la kidole kimoja ni la shemeji. Vidole viwili ni la ndugu wa damu, vitatu ni la mzazi au mtoto. Vinne ni la mjane peke yake. Na halishonwi msibani. Mwanaume akishaongea na baba yako, baba hukaa siku nane kabla ya kujibu, na ndani ya siku hizo nane ndipo binti hushona kitambaa chake cha ujane. Anatia herufi zake, za mwanaume, na mwaka, kwa uzi mwekundu. Halafu anakilaza chini kabisa ya sanduku na kumwomba Mungu asikihitaji."

Alilia palepale, na filamu alikuwa hata hajaitazama.

Nawe una sehemu yako katika sifa hizi. Yule binti wa mavazi, Marloes, aliniomba sanduku lako la darini, akilitaja kabisa, "lile la kijani". Nilijua Trijn ndiye aliyebwabwaja. Goti langu halipandi ngazi, kwa hiyo walipanda wenyewe, wakaliteremsha na ufunguo wakaukuta nyuma ya boriti. Nilijua utafurahi. Nguo zako zilikaa gizani miaka ishirini na mitano, sasa zimetembea mbele ya nchi nzima.

Chumba chako nimekipaka rangi, kile kinachotazama bustani. Mwezi wa tano si mbali. Kanada imekutosha, njoo tuzeeke pamoja kabla mmoja wetu hajasahau jina la mwenzake.

Dadako,
Klaasje

*

Ontario, 14 Februari 1989

Dada Klaasje,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa, kama ulivyoniamuru. Wewe na sinema! Baba angetuita wote sebuleni na kufungua Biblia.

Habari za filamu hiyo ni ngeni kwangu, huku hazijafika. Lakini nimefurahi kwamba watu wameipenda. Wanaipenda kweli? Wanamwonea huruma yule msichana, au wanamwona mpumbavu? Na wewe je, ulilia? Hukusema. Umenieleza machozi ya Roelof na kucha za Trijn, yako umeyaruka. Niambie hasa ulilia wapi, na ulikuwa ukiwaza nini.

Kuhusu sanduku, sina kinyongo. Ila wakilirudisha, naomba uliache limefungwa, dada. Ni nguo za zamani, zina nondo, vumbi lake litakuletea kikohozi. Nitakuja kulifungua mwenyewe mwezi wa tano na tutacheka pamoja.

Tiketi nimeshaikata. Ni ya tarehe kumi na moja. Kule hospitalini nilikokuwa nikifua mashuka wameniaga kwa keki iliyoandikwa jina langu kwa makosa. Baada ya miaka yote hiyo!

Niandikie upesi kuhusu machozi.

Mdogo wako,
Hille

*

Kolkerdam, 26 Februari 1989

Hille,

Machozi, machozi! Umekuwa mchunguzi wa macho ya watu? Haya, nililia. Nililia mara nne, kwa sababu nimeitazama mara nne, na ukimwambia mchungaji nitakukana. Mara ya kwanza nililia kwenye vifungo, kama kila mtu. Mara ya pili nililia mapema zaidi, pale msichana anapowapakulia supu watu wa nyumbani kwake huku amevaa kile kitambaa chini ya koti la nyumbani, na hakuna anayejua. Wanamwambia supu haina chumvi. Anakwenda kuleta chumvi. Basi mimi ndipo nilipokwisha kabisa. Trijn alinipa peremende kama vile tuko kwenye mahubiri.

Nilikuwa nikiwaza nini? Nilimwaza Jelte wangu, nani mwingine? Mimi na yeye hatukuwa na mapenzi ya sinema. Unakumbuka alivyonijia, ametulia kama mtu aliyekuja kupima mlango, seremala hasa. Hakunifungulia koti wala mimi sikumfungulia. Lakini miaka ishirini na miwili hakuwahi kunipandishia sauti. Aliniinulia meza ya jikoni kwa sababu ya mgongo wangu, kabla sijasema kama unauma. Wanawake wengine hapa wana waume waliowakimbilia kwa magoti, na leo ukiwauliza wanatema chini. Mimi nilitoka ukumbini nikajiambia, Klaasje, ulipendwa kimyakimya, na hayo nayo ni mapenzi. Filamu hii imenirudishia mume wangu, Hille. Ndiyo maana nimeitazama mara nne.

Lile sanduku linarudi wiki ijayo. Kikohozi changu kisikusumbue. Nitafua kila kitu na kukipiga pasi ukute nguo zako zinanukia sabuni.

Dadako,
Klaasje

*

Kolkerdam, 9 Machi 1989

Hille,

Sanduku limefika. Watu wa sinema ni watu wa utaratibu, kila nguo wameifungia karatasi inayosema imetoka kwa nani na imevaliwa kwenye onyesho gani. Chini kabisa kulikuwa na kitambaa cha mabega, cheusi, pindo la buluu. Karatasi yake imeandikwa: *Sanduku la kijani, la H. Bolt. Onyesho la koti.*

Nilipima pindo kwa mkono wangu. Vidole vinne.

Nililifuata pindo hadi pembeni. Uzi mwekundu unasema H.B., J.H., 1938.

Nimekaa nacho tangu asubuhi. Changu kiko mbele yangu pia, nimekitoa kabatini ili nihakikishe kwamba sijapagawa. K.B., J.H., 1938. Kitambaa kimoja, jora moja, nadhani hata sindano ni moja. Changu kilivaliwa miaka miwili, baada ya Jelte kufa. Chako nacho kimevaliwa, Hille. Si kwa siku moja ya sinema. Kwapani kimepauka na ukosini kimelainika. Mimi nimefua nguo za msiba maisha yangu yote, usinidanganye.

Jelte Hoekman alikuwa mmoja tu kijijini. Kwa hiyo niambie jambo moja. Ulishona kabla yangu au baada yangu?

Klaasje

*

Ontario, 19 Machi 1989

Dada yangu mpenzi,

Nilikuomba usifungue.

Ni upuuzi wa kitoto, naapa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wewe uliposwa, nyumba nzima ilikuwa inazungumza Jelte hivi, Jelte vile, na mimi nikawa na wivu kama wasichana wote walivyo. Nilichukua kipande kilichobaki kwenye jora lako nikajifanyia mchezo. Nilikushonea kejeli, basi. Yeye hakujua lolote. Hakuna aliyejua lolote. Huko kupauka ni mwanga wa taa za watu wa sinema, nasikia zinaunguza kama jua.

Kichome moto, dada. Kitie kwenye jiko na ufunge mlango wake. Usimwonyeshe Trijn. Tumebaki wawili tu katika ukoo mzima, na mimi nakuja baada ya wiki saba. Tusianze uzee wetu kwa kipande cha kitambaa.

Umeniambia filamu imekurudishia mume wako. Basi shikilia hapo hapo.

Mdogo wako,
Hille

*

Amsterdam, 3 Aprili 1989

Bibi Klaasje mpendwa,

Nimepokea barua yako na nimefurahi mno, maana hapa ofisini sote tulikuwa tukijiuliza kama filamu imekugusa. Watazamaji wamefika laki tisa! Barua zinakuja kwa magunia. Mwanamke mmoja wa Groningen ameandika kwamba amemfungulia koti mume wa zamani wa jirani yake. Nadhani hiyo haikuwa nia yetu.

Unauliza tulikichaguaje kitambaa kile. Bibi, bila kitambaa kile kusingekuwa na filamu! Mwaka 1986 tuliweka tangazo kuomba hadithi za kweli kutoka vijiji vinavyovaa mavazi ya jadi, na gazeti la wahamiaji huko Kanada nalo likalichapisha. Dada yako alituandikia kurasa kumi na moja. Ndiye aliyetueleza kuhusu sanduku la kijani na ufunguo nyuma ya boriti. Alisema wewe umeridhia kila kitu, ila kulizungumza ana kwa ana kunakuumiza, kwa hiyo tusikutajie hata kidogo. Tuliliheshimu ombi hilo, na ndiyo maana nilipokuja kwako nilikunywa kahawa yako vikombe vitatu na, nikishaomba sanduku, niliongelea hali ya hewa tu. Nilikuonea fahari sana siku ile. Nilijiambia, huyu ni mwanamke aliyesamehe.

Kama ujuavyo, tulibadilisha mengi. Yule seremala tukamfanya nahodha Mkatoliki, maana watazamaji wa leo wasingeelewa ni kwa nini baba amkatae kijana wa kanisa lake mwenyewe kwa sababu tu amemtaka binti mdogo kabla mkubwa hajaolewa. Na dada mkubwa tulimwondoa kabisa. Mwandishi wetu alijaribu kumweka katika matoleo mawili, lakini kila akiwepo, mtu hajui amwonee huruma nani. Natumaini hukuchukia.

Nakutumia picha ya onyesho la koti, yenye sahihi ya mwigizaji.

Wako kwa heshima,
Marloes Veenhuis

*

Kolkerdam, 5 Aprili 1989

Hille,

Naambatisha nakala ya barua ya Marloes. Nimeinakili kwa mkono wangu mwenyewe, neno kwa neno, ili usiseme nimeongeza.

Uliniambia habari za filamu ni ngeni kwako. Uliniambia mchezo wa kitoto. Kurasa kumi na moja uliwaandikia watu usiowajua, na mimi, dada yako, nilipata nusu ukurasa wa uongo.

Siulizi tena ulishona lini. Nauliza hivi: aliponijia mimi, alikuwa amekwisha kukuomba wewe? Nani mwingine alijua? Jibu kama mtu aliye mbele ya Mungu.

Klaasje

*

Ontario, 15 Aprili 1989

Dada,

Alikuja kwa Baba mwezi wa tisa, Jumapili, baada ya ibada ya pili. Wewe ulikuwa kwa shangazi, ukimtunza alipovunjika nyonga. Aliniomba mimi. Tulikuwa tumezungumza tangu majira ya kuchipua, kule kwenye karakana yake, kwenye harufu ya mbao. Baba akasema atajibu baada ya siku nane, kama desturi, na mimi siku hizo nane nikashona. Mama alinikatia jora kwa mkono wake. Alinipimia pindo.

Siku ya nane Baba akasema, mkubwa kwanza. Alisema Klaasje ana miaka ishirini na minne, na mdogo akitangulia hakuna atakayebisha hodi tena kwa ajili yake. Alimwambia Jelte, ukitaka kuwa mwana wa nyumba hii, mlango ni mmoja. Jelte aliondoka akakaa wiki tatu. Halafu alirudi, na wewe ulikuwa umerudi.

Kwa hiyo ndiyo, alijua. Baba alijua na Mama alijua. Mama alinifanya niape juu ya mkono wake kwamba sitakuambia kamwe, kwa sababu ulikuwa unaimba, dada. Ulikuwa ukipiga deki na kuimba. Mama akasema, mwache aimbe.

Jelte aliniambia maneno machache tu, siku moja kabla ya harusi yenu. Alisema, "Nitakuwa mwema kwake, Hille, hilo nakuahidi." Baada ya hapo hakunigusa hata mkono. Katika miaka ishirini na miwili hatukuwahi kubaki chumba kimoja wawili tu. Naapa, na safari hii ni kiapo cha kweli.

Alipokufa, nilipewa pindo la kidole kimoja na wiki sita za msiba, kama shemeji. Nilikitoa kile cha vidole vinne na kukivaa chini ya koti, mwaka mzima, kanisani na mezani kwako. Wiki ya saba ulinikuta bado nimevaa kile cha nje na ukacheka, ukasema, "Kivue sasa, Hille, watu watadhani wewe ndiye mjane." Nilikivua cha nje. Siku ile ndipo nilipojua kwamba lazima niende mbali.

Kwa nini niliwaandikia? Kwa sababu nilikuwa na miaka sitini na saba na hakuna mtu duniani aliyewahi kunililia. Nilitaka kivaliwe mara moja waziwazi. Nilitaka watu waone pindo na waelewe. Sikudhani utakwenda, wewe na dini yako. Halafu ukaandika kwamba umekwenda. Nikakuuliza kama ulilia, na uliponijibu nilibeba barua yako mfukoni siku tano. Nisamehe kwa hilo kuliko yote. Nilifurahi.

Tiketi ninayo bado. Niambie nije.

Hille

*

Kolkerdam, 26 Aprili 1989

Hille,

Nimekusoma. Safari hii nakuamini, na ingekuwa heri kwangu kama ningeweza kutokuamini.

Kumbe nilikuwa nimekaa mezani na watu wanne, na wote wanne walijua. Baba aliombea chakula. Mama aliniangalia nikiimba. Nimefikiri sana kuhusu kuimba huko, na nakumbuka ni wimbo gani, na sitautaja. Mnaona mlinihurumia. Mlinifanya mgeni katika ndoa yangu mwenyewe, mkanipakulia huruma kila siku, na mimi nikashukuru nikidhani ni upendo.

Meza ya jikoni nimekwambia alivyoiinua. Sasa najua aliiinua kwa ajili ya nani. Wema wote ule, miaka ishirini na miwili bila kupandisha sauti, ulikuwa ahadi aliyokupa wewe. Hata ugomvi wa kawaida wa mke na mume hakunipa. Wanawake wanaotema chini wakitajiwa waume zao wana kitu kuliko mimi. Na wewe, ulipoona nimekipata kitu kimoja kutoka kwenye filamu yako, ulikaa kimya ukaacha nikishike, ukijua ni chako.

Ulitaka kuliliwa? Nilikulilia mara nne, bila kujua ni nani, na sijui namna ya kuyarudisha machozi yale. Yachukue. Watu laki tisa wamekulilia. Mimi wameniondoa hata kwenye hadithi, ili wapate kulia vizuri.

Watu wa hapa wamekwisha kujua. Wanawake wa Kolkerdam wanasoma uzi mwekundu kuliko wanavyosoma gazeti, na picha ya Marloes imetundikwa dukani kwa mwoka mikate, herufi zinaonekana wazi kwenye pindo. Jumapili iliyopita, kwenye benchi la tatu, walinipisha nafasi pana kuliko kawaida. Trijn peke yake ndiye aliyesogea karibu. Hakusema kitu, na Trijn kutosema kitu ni msiba.

Jana nilikwenda kwa Harm, mtunza makaburi. Unajua kwamba Jelte yuko kwenye kaburi la watu wawili, na jina langu lilichongwa jiweni tangu 1961, likisubiri tarehe tu. Nilimwambia aniitie fundi wa mawe alikwangue.

"Wee Klaasje," alisema Harm, "umemchoka mumeo baada ya miaka ishirini na minane?"

"Andika, Harm. Usinichonge maneno."

"Sasa pale aandike nani?"

"Hille Bolt."

Alivua kofia, akaandika. Ni halali, nimetia sahihi mara mbili na karani wa kanisa ameshuhudia. Nafasi ile ni yako kuanzia leo. Wewe ndiye uliyeombwa kwanza, siku nane zako zilikuwa halali, na mimi sitalala hadi siku ya ufufuo kando ya mwanaume anayenifanyia wema.

Tiketi irudishe. Chumba nimempa mjukuu wa Trijn anayesomea ualimu. Sanduku lako na vilivyomo viko kwa karani, watakuvalisha wakati ukifika. Ukiwa maiti, Hille, njoo, hakuna atakayekuzuia. Ukiwa hai, usije.

Mimi nimechukua kaburi la mtu mmoja, kando ya ukuta wa kaskazini.

Klaasje Bolt